Kirikuu mpya ilivyochemsha hadi nikabadilishiwa injini

Nilinunua kirikuu mpya, kile kigari kidogo cha mzigo, sifuri kilomita, ya kubebea asali kutoka Sikonge kuja Tabora mjini. Haikumaliza hata msimu mmoja ikaanza kuchemsha. Injini ya kirikuu iko chini ya kiti, kwa hiyo kabla mshale wa joto haujapanda dereva umeshalisikia joto mapajani.

Wakala aliyeniuzia yuko Mwanza. Kwanza wakabadilisha thamostati, kifaa kinachoruhusu maji ya kupozea injini yapite. Nikarudi, wakabadilisha feni. Nikarudi tena, wakafunga rejeta mpya. Kila mara naambiwa, "Dada, gari limepona," na kila likibeba mzigo kwenye jua la Oktoba, hali ni ileile. Kwenye makaratasi yao hayo yalikuwa matatizo matatu tofauti, yote yameshafungwa. Hilo liliniuma kuliko ubovu wenyewe.

Nikaanza kugoma kusaini jobu kadi, ile fomu ya gereji ya kuandika tatizo na kazi, mpaka waandike maneno yangu: injini inachemsha, maji yanapungua, tatizo limejirudia. Wanaandika tarehe na kilomita, naondoka na nakala. Oili pia nilimwaga kwao tu, kitabu cha waranti kikigongwa muhuri, ingawa safari ya Mwanza ni gharama.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa Isevya. Gari likiwa limepoa alifungua mfuniko wa rejeta, akawasha. Viputo vikapanda mfululizo. Akapachika kwenye mdomo wa rejeta kichupa chenye dawa ya bluu. Ikafifia taratibu, ikawa njano. "Mwanangu, moshi wa injini unaingia kwenye maji," akasema. "Ni gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku, au hedi, sehemu ya juu ya injini, imepinda, au bloku, mwili wenyewe wa injini, ina ufa." Sikumruhusu afungue hata nati moja, wasije wakasema fundi wa mtaani ndiye kaharibu. Nilirekodi tu video, namba ya gari ikionekana.

Mwanza nikataka kipimo kilekile kifanyike mbele yangu. Njano tena. Walipofungua, bloku ilikuwa na ufa. Bado wakataka kuuziba!

Nikawapelekea barua na nakala zote. Nilieleza kuwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, na proforma yao wenyewe, ile karatasi ya bei kabla ya kununua, imeandika "gari la mzigo". Nikataja pia Sheria ya Ushindani ya 2003, na kwamba nakala inayofuata itakwenda Tume ya Ushindani. Meneja ambaye hakuwahi kupokea simu yangu alinipigia mwenyewe.

Wakafunga injini mpya kwa gharama zao. Sikuchukua ufunguo mpaka nilipopewa barua ya waranti ya injini hiyo na nyaraka zenye namba yake, kwa sababu kadi ya gari bado ilisoma namba ya zamani. Niliporudi Tabora nilizipeleka TRA kwanza, kadi ikarekebishwa, ndipo nikapakia asali.