Kipoza cha feni kwa prosesa iliyopandishwa kasi

Wakuu wa Mwanza, prosesa ikichemka, kabla ya kulaumu kipoza, angalieni volti mliyoipa. Joto hupanda kwa mraba wa volti: ukitoka 1.20 hadi 1.35 umeongeza zaidi ya robo ya joto, hata kabla ya kuhesabu kasi yenyewe. Prosesa ya Intel Core i7-8700K ikifika nyuzi 100 inajipunguza mwendo, faida yote inapotea.

Pimeni kesi (kasha la kompyuta) kwanza. Kipoza cha Noctua NH-D15 kina kimo cha milimita 165. Kesi nyembamba haifungi mfuniko. Futa pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) kwa spiriti, weka mpya ukubwa wa punje ya mbaazi, na bandua ile nailoni chini ya kipoza (wengi wanaisahau!). Skrubu kaza kwa mshazari, nusu mzunguko kila upande, la sivyo kipoza kinakaa kimeinama na core (viini vya prosesa) mbili tatu zinachemka kuliko nyingine. Feni ipulize kuelekea nyuma ya kesi.

Halafu wale wadudu wa ziwani. Wanafuata taa usiku, wananasa kati ya mapezi ya alumini ya kipoza (yale mabati membamba) na kushikamana na vumbi kama blanketi. Mnaokaa Kirumba au Igombe, funikeni matundu kwa wavu laini, mpige brashi kila mwezi.