Siku moja maishani mwangu: nashusha injini ya Honda CG125 uani kwangu

Saa 12:00 asubuhi
Natoka nje na kikombe cha chai ya rangi. Mlima umejifunua wote, Kibo nyeupe juu ya bati la jirani, na chini ya mwembe inanisubiri Honda CG125 nyekundu, bila tenki, bila kiti, bila taa. Jumatatu hadi Ijumaa nafundisha fizikia hapa Moshi. Jumamosi ni ya pikipiki hii. Niliinunua kwa mzee jirani yangu, bwana shamba mstaafu, aliyezunguka nayo kwenye mashamba ya kahawa ya Kibosho na Rombo. Ni ya zile za zamani kabisa, za umeme wa volti 6 na platini, yaani vile vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche.

Jana jioni nilipaka boliti zote za injini dizeli iliyochanganywa na oili, zikalala nayo. Asubuhi hii zote zimekubali spana isipokuwa ile ndefu ya chini kwa nyuma. Boliti iliyoshikwa na kutu ukiitumia nguvu inakatika, halafu siku yako nzima inaishia kwenye kutoboa. Nimeipasha moto kidogo, nikaizungusha robo mbele, robo nyuma, mbele, nyuma. Nusu saa. Ikatoka ikilia.

Saa 1:30
Oili imemwagwa, injini iko juu ya meza. Sasa kifuniko cha upande wa klachi. Skrubu zake ni za nyota, lakini nyota ya Kijapani si sawa na ya bisibisi zetu za dukani. Bisibisi ya kawaida haizami hadi chini, inaruka na kula kichwa. Natumia ile ya kupigwa nyundo, ambayo kila pigo linaigandamiza na kuizungusha kwa pamoja. Mbili tayari zilikuwa zimeliwa na mafundi waliopita, nazo zimetoka kwa patasi.

Skrubu hizi hazilingani urefu. Nimechora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi, nikatoboa matundu, na kila skrubu naichomeka mahali pake hapo hapo. Ukifunga ndefu kwenye tundu la fupi, inatoboa au inapasua ukingo wa injini, na hasara hiyo hailipiki kwa siku moja. Vitu vingine vinaingia kwenye makopo ya maziwa, na binti yangu wa darasa la nne ndiye anayeandika majina. Hati yake ni nzuri kuliko yangu.

Saa 3:00
"Hodi hapa."

"Karibu mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Loo! Umeitoa matumbo yote?"

Amekuja na fimbo yake na mkungu mdogo wa ndizi. Nimempa kigoda. Nikamuuliza oili alikuwa akibadilisha kila baada ya muda gani.

"Kubadilisha? Ikipungua nilikuwa naongeza."

Amesema bila aibu, na hana sababu ya kuona aibu. Injini hii ilibuniwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Miaka ya 1970 Honda waliona injini za CB125, pikipiki yao nyingine yenye kamshafti juu, zikichakaa mapema katika nchi ambako pikipiki ni punda wa kazi: mzigo mkubwa, vumbi, matunzo haba. Mwaka 1976 wakatoa CG125. Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, wakaishusha chini, jirani na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ili izungushwe kwa gia. Vijiti viwili vya chuma, pushirodi, vinasukuma valvu kutoka huko chini. Hakuna cheni ya kamshafti, kwa hiyo hakuna cha kulegea wala kukatika njiani Tarakea na mbolea nyuma. Mimi huu ndio uhandisi ninaouheshimu kuliko wote, wa kumfuata mtu alivyo.

Saa 4:30
Nimefika kwenye filta ya oili. Haina karatasi ya kutupa. Ni kikombe cha chuma kilichofungwa kwenye ncha ya krenki, kinazunguka pamoja na injini, na uchafu ulio mzito kuliko oili unatupwa ukutani na kubaki huko. Somo la mwendo wa duara, lile la ubaoni kila mwaka, hili hapa kwenye kiganja changu.

Nimefungua mfuniko. Ndani kumejaa tope jeusi, zito kama udongo wa mfinyanzi, limeshikana mpaka alama ya bisibisi inabaki. Katikati kumebaki kishimo cha oili kupita, basi. Nikalikwangua kwa kijiti cha mwanzi ili nisichubue chuma. Mzee akachovya kidole, akalisugua, vimeta vidogo vya chuma vikang'aa juani. Akakaa kimya muda mrefu. "Ingekuwa mimi, tope hili lote ningelirudisha ndani," akasema.

Nati inayokifunga kikombe hiki ina mipasuo minne badala ya pembe sita. Spana yake nilijitengenezea kwa boksi spana ya zamani, nikaichonga meno manne kwa grinda. Wengi huipiga patasi, na ndiyo maana nyingi zina makovu.

Saa 7:00 mchana
Makande, haraka. Kisha bodaboda hadi mjini, silinda nimeipakata ndani ya kikapu. Kijana aliyenibeba aliposimama kwenye taa nikamwonyesha injini yake ya Kichina na silinda yangu. Tundu la kupitishia pushirodi liko ubavuni mahali pale pale. Injini nyingi za bodaboda za Kichina zimenakiliwa kutoka CG, na hapo ndipo bahati yangu ilipo. Spea za pikipiki hii ya kale zinauzwa kila kona.

Hata hivyo sinunui kwa jina. Nimeweka pistoni kuukuu juu ya kaunta ya duka la spea, nikapima pini, milimita 15, nikalinganisha urefu na vikato vya valvu. Ya tatu ndiyo iliyolingana.

Fundi wa kukereza naye hagusi silinda kabla hajashika pistoni mpya, na yuko sahihi: tundu linafuata pistoni iliyopo, namba ya kwenye boksi haitoshi. Silinda imeliwa upande mmoja, imekuwa kama yai. Kipenyo cha tundu kinatoka milimita 56.5 hadi 57. Kwa mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, cc 124 zinakuwa 126. Jumatano ataniita.

Saa 10:00
Fremu. Vijana wa mtaani wananishauri niikate nyuma, nitoe na platini niweke CDI, kifaa cha kielektroniki kinachofanya kazi yake. Platini zinabaki, nazijua, na msasa mdogo unazirudishia uhai barabarani. Rangi pia inabaki nyekundu, kadi imeandikwa hivyo. Ninachobadilisha ni kiti, usukani na mkia.

Nimekata kwa grinda sentimita chache tu, nyuma ya mahali shokapu zinaposhika. Mbele ya hapo sithubutu, maana hapo ndipo uzito wote unapolala. Mchomeleaji amekunja bomba umbo la kwato, akaligusisha nukta nne. Nikaweka rula ya maji, likaonekana limeinama kushoto. Amelikata, ameanza upya, safari hii limekaa. Kiti kitashonwa kifupi, cha watu wawili waliosogeleana, kwa sababu binti yangu ameshaniambia hatabaki nyumbani.

Saa 12:30 jioni
Naosha vyuma kwa mafuta ya taa na brashi. Hakuna la kusimulia, ni mikono na mgongo.

Saa 2:00 usiku
Tenki lilikuwa na siki tangu juzi kwa ajili ya kutu. Nimeimwaga, imetoka rangi ya chai nzito. Nikasuuza, nikaweka maji ya magadi kuua uchachu, nikasuuza tena, nikalikausha kwa feni. Nikamulika kwa tochi ya simu, chuma cheupe hadi pembeni.

Kisha nikazima taa na kumpa binti yangu tochi alimulike yeye kutoka ndani, mimi nitazame nje gizani. Kwenye mshono wa chini, karibu na koki, ikatokea nyota moja ndogo ya mwanga.

"Baba, umeiona?"

Nimeizungushia chaki. Yeye amechukua kalamu na kuandika pembeni yake: TUNDU.