Amua mwenyewe kivinjari kiweke wapi faili zako

Kila mwaka tarehe 30 Juni inapokaribia, saiba za katikati ya Nairobi hufurika watu wanaowasilisha ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na swali linalosikika kutoka kiti hadi kiti ni lile lile: ile risiti imeenda wapi? Kivinjari kimeonyesha kwamba imeshuka, lakini haionekani. Basi inapakuliwa tena, na tena, halafu inachapishwa nakala ambayo siyo. Usumbufu huu wote unazuilika kwa mpangilio mmoja ambao watu wengi hawajawahi kuugusa.

Kwanza ieleweke kwamba tovuti haichagui folda. Seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, inaweza kupendekeza jina la faili, na inaweza kusema kama faili hiyo ifunguliwe ndani ya kivinjari au ihifadhiwe. Uwezo wake unaishia hapo. Mahali pa kuiweka huamuliwa na kivinjari chako kwa kufuata agizo lililo kwenye mipangilio yake. Usipotoa agizo lolote, Windows hutumia C:\Users\ likifuatwa na jina lako la mtumiaji, kisha folda ya Downloads. Linux na Mac nazo hutumia folda ya Downloads iliyo ndani ya folda kuu ya mtumiaji.

Hilo la kufunguliwa ndani ya kivinjari huwaponza wengi. PDF ikifunguka kwenye kichupo, unaisoma vizuri, unaridhika, unafunga, kumbe hukuihifadhi. Kabla ya kufunga, bonyeza alama ya mshale unaoelekea chini iliyo juu upande wa kulia, au Ctrl+S. Kama kazi yako kutwa nzima ni vyeti na risiti, andika chrome://settings/content/pdfDocuments kwenye sehemu ya anwani, kisha uchague PDF ziwe zinapakuliwa moja kwa moja. Hapo hutalazimika kukumbuka kitu.

Sasa folda yenyewe. Kwenye Chrome, andika chrome://settings/downloads. Ukurasa unaofunguka unaonyesha anwani ya folda inayotumika, na kando yake kuna kitufe cha "Change". Chini yake kuna swichi ya kuuliza mahali pa kuhifadhi kila faili kabla ya kuipakua. Kwenye Edge anwani ni edge://settings/downloads na mambo ni yale yale. Kwenye Firefox andika about:preferences, kisha ushuke hadi sehemu ya Downloads: ama utaje folda moja, ama uchague kuulizwa kila mara. Safari kwenye Mac inaficha jambo hili ndani ya mipangilio yake, kwenye kichupo cha General, penye "File download location".

Mpangilio huu ni wa kila profaili. Ukiwa na profaili mbili ndani ya Chrome, moja ya kazi na moja yako binafsi, kubadilisha folda kwenye moja hakugusi nyingine. Wengi husema Chrome "imerudi ilivyokuwa" wakati ukweli ni kwamba wamefungua profaili ya pili.

Je, uulizwe au usiulizwe? Kwenye kompyuta yako mwenyewe, chagua folda moja na uzime swichi ya kuuliza. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, au mahali unaposhika makaratasi ya wateja mbalimbali, iwashe. Lakini fahamu mtego wake. Dirisha la kuhifadhi hufunguka kwenye folda uliyoitumia mara ya mwisho. Ukiwa na haraka unabonyeza Enter bila kusoma, na cheti cha PIN ya kodi cha mteja kinalala kwenye folda ya picha za harusi za mteja mwingine. Hapa Firefox inaishinda Chrome: ikiwa umechagua kuulizwa, huikumbuka folda ya mwisho kwa kila tovuti peke yake. Faili za iTax, tovuti ya kodi ya KRA, zitapendekezewa folda ya kodi, na za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, folda yake. Kwa mtu anayehudumia wateja kutwa, tofauti hiyo pekee inatosha kumfanya atumie Firefox kwa kazi hizo.

Usipojua faili imekwenda wapi, usiipakue tena. Bonyeza Ctrl+J, orodha ya vilivyopakuliwa ifunguke, kisha ubonyeze alama ya folda iliyo kando ya jina la faili. Folda itafunguka na faili ikiwa tayari imechaguliwa. Tangu 2023 Chrome ya kompyuta imeuondoa ule upau uliokuwa chini ya skrini na kuweka alama ndogo juu kulia, kwa hiyo aliyezoea kuangalia chini hudhani hakuna kilichotokea.

Kupakua tena kuna gharama nyingine mbali na bando. Kivinjari hakifuti faili ya kwanza: kinaongeza namba kwenye jina, (1), (2), (3). Ukipakua stetimenti ya benki leo na nyingine wiki ijayo kwa jina lile lile, isiyo na namba ndiyo ya zamani. Hiyo ndiyo mtu huichapisha, kwa sababu jina lake linaonekana safi. Panga folda kwa tarehe ya kubadilishwa, mpya juu, uiache hivyo daima.

Faili yenye mwisho wa .crdownload, au .part kwenye Firefox, haijakamilika. Usiipe jina jipya ukidhani utaifungua. Tena, ukibadilisha folda huku faili kubwa bado inashuka, hiyo inayoshuka haihami. Agizo jipya linaanza na faili inayofuata.

Laptopu nyingi zinazouzwa mjini zikiwa zimeshatumika ng'ambo huja na diski ya SSD ya GB 128 au 256, na Windows yenyewe hukalia sehemu kubwa. Kama yako ina diski ya pili, usihangaike na kivinjari kimoja kimoja. Hamisha folda ya Downloads ya Windows. Kwanza tengeneza folda mpya, tuseme D:\Vipakuliwa. Kisha bonyeza Downloads kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ufungue Properties, kichupo cha Location, halafu Move, uchague ile folda mpya. Windows itauliza kama faili za zamani zihame pia, nawe ukubali. Vivinjari ambavyo hukuvipa folda maalum vitafuata vyenyewe. Kosa moja linaleta maumivu ya kichwa: kuchagua D:\ yenyewe badala ya folda iliyo ndani yake. Ukifanya hivyo, Windows huifanya diski nzima kuwa folda ya Downloads, na kuirudisha ilivyokuwa ni kazi ngumu. Vilevile usichague C:\Program Files wala C:\ tupu, kwa sababu mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika humo na upakuaji utakataliwa.

Usichague pia folda inayosawazishwa na Google Drive au OneDrive, isipokuwa unajua unachofanya. Kila kinachoshuka kitapandishwa tena mtandaoni hapo hapo, na filamu ya GB 2 itakula GB 4 za bando.

Na flashi je? Ushauri wangu ni mmoja, na sina shaka nao: pakua kwenye diski ya kompyuta, kisha nakili. Herufi ya flashi hubadilika, leo E, kesho F, kwa hiyo anwani uliyoiweka kwenye kivinjari inakuwa ya mahali pasipokuwepo. Ukiichomoa kabla ya upakuaji kuisha unabaki na kipande kisichofunguka. Kisha kuna mfumo wa faili, yaani jinsi flashi ilivyopangwa kuhifadhi faili. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, hata ikiwa na GB 20 tupu. Ujumbe unaotokea huwafanya watu waamini flashi ni bandia. Fungua Properties za flashi usome palipoandikwa "File system". Ikiwa ni FAT32 na unahitaji faili kubwa, ifomati kwa exFAT, ukikumbuka kwamba kufomati kunafuta kila kilichomo.

Kwenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kuanzia toleo la 21.10 Firefox huja kama snap, yaani kifurushi cha programu kilichotengwa na mfumo mwingine, na snap imewekewa mipaka ya mahali inapoweza kuandika. Folda zilizofichwa, zile zinazoanza na nukta, haiziruhusu. Ikikataa flashi, jaribu amri hii: sudo snap connect firefox:removable-media.

Tukija kwenye simu, Chrome ya Android ina mpangilio huu pia. Gusa vidoti vitatu, Settings, kisha Downloads. Ukiwa na kadi ya kumbukumbu unaweza kuichagua, lakini tahadhari: katika simu nyingi Chrome huweka faili hizo kwenye Android/data/com.android.chrome/files/Download ndani ya kadi. Hiyo ni folda ya programu yenyewe. Ukiondoa Chrome kwenye simu, inafutwa pamoja na kila kilichomo, na tangu Android 11 programu nyingi za kuvinjari faili haziruhusiwi kuingia Android/data. Nyaraka za maana ziache kwenye hifadhi ya ndani, kisha uzihamishe kadini kwa mkono wako.

Halafu kuna PDF iliyotumwa kwa WhatsApp. Watu huitafuta Downloads wasiipate, kwa sababu kivinjari hakikuishika kamwe. Iko Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Documents. Opera Mini nayo ina mipangilio yake, haifuati ya Chrome. Kwenye iPhone, nenda mipangilio ya Safari, sehemu ya Downloads, uchague kati ya iCloud Drive na simu yenyewe. Kama bado unatumia zile GB 5 za bure za iCloud, chagua simu.

Jambo moja linalohusiana na hili husumbua sana msimu wa ritani. Fomu ya Excel ya iTax, ambayo hushuka ndani ya faili ya zip, inategemea makro, yaani amri fupi zilizoandikwa ndani ya faili yenyewe. Windows huweka alama kwenye faili iliyotoka mtandaoni, na tangu 2022 Microsoft imekuwa ikizuia makro za faili zenye alama hiyo. Fomu inafunguka, lakini vitufe vyake havifanyi kazi. Kuihamisha kwenda folda nyingine ya diski hiyo hiyo hakuondoi alama. Bonyeza zip kwa kitufe cha kulia, Properties, weka tiki kwenye "Unblock", ukubali, ndipo uifungue zip. Ukiifungua kwanza, alama inaweza kurithiwa na faili ya ndani na utalazimika kurudia hapo. Fanya hivi kwa fomu uliyoitoa wewe mwenyewe kwenye tovuti ya KRA tu. Iliyotumwa na mtu kwa barua pepe usiiondolee kinga.

Sasa neno kwa wenye saiba, na hili nalisema kwa uzito. Hali fiche (Incognito) haifuti vilivyopakuliwa. Mteja anafunga dirisha akiamini hakuacha alama, huku nakala ya kitambulisho chake na stetimenti yake ya M-PESA vimebaki Downloads kwa atakayeketi baadaye. Kufuta historia ya upakuaji nako kunafuta orodha tu, faili inabaki. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, mtu aliyekukabidhi makaratasi yake anastahili kulindwa.

Suluhisho ni la dakika chache kwa kila mashine. Tengeneza folda D:\Wateja. Kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake ya ndani, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies, tengeneza ufunguo uitwao Google, na ndani yake mwingine uitwao Chrome. Humo weka thamani ya maandishi iitwayo DownloadDirectory yenye D:\Wateja. Mteja hataweza kuibadilisha. Kwa Edge njia ni Policies\Microsoft\Edge, jina la thamani ni lile lile. Kwa Firefox, tengeneza faili policies.json ndani ya folda iitwayo distribution, iliyo mahali pamoja na firefox.exe, na sera inaitwa pia DownloadDirectory. Kisha andika faili ya amri, ya .bat, yenye mistari miwili, rd /s /q D:\Wateja na md D:\Wateja, uiweke kwenye folda ya shell:startup ili kila kompyuta ikiwashwa ianze ikiwa tupu. Soma ile njia mara mbili kabla ya kuhifadhi, maana amri ya rd ikiandikwa hivyo haiulizi na haipitii pipa la taka. Kati ya mteja na mteja, mhudumu achague vyote ndani ya D:\Wateja na kubonyeza Shift+Delete.

Ukimaliza, funga Chrome yote, ifungue tena na uandike chrome://policy. DownloadDirectory ikionekana hapo na hali yake ikasomeka OK, mashine hiyo imekamilika. Isipoonekana, mara nyingi thamani imewekwa kwenye HKEY_CURRENT_USER ya akaunti nyingine, au kwenye ufunguo wa Google bila kuingia ndani ya Chrome.