Vijiwe vinne, banda moja: tulivyobaki kwenye tamasha la nyama choma Arusha

Mi nachoma nyama Arusha huu mwaka wa 14 sasa, kijiwe changu kiko Sakina barabara ya Namanga, na haya matamasha ya nyama choma nimeingia toka yakiwa madogo kabisa. Watu wananiuliza sana mwaka huu tuliwezaje kupata banda na bei imepanda vile, basi ngoja nieleze yote.

Ile mara ya kwanza mwandaaji alikua jamaa tu mwenye baa, akatupigia simu wachomaji kama 12 hivi, kila mtu aje na jiko lake na wavu wake na mbuzi wake. Kiingilio hakuna. Banda tulichanga elfu 30 za kufagia uwanja na kumlipa mlinzi, basi. Mteja anapita anaangalia mbuzi walivyoning'inia, anaonyesha kidole, "nitolee mbavu hizo hapo", mnapatana bei, anavuta kiti anasubiri. Sasa paja la mbuzi halitaki haraka, ukilipeleka na moto mkali nje linaungua ndani damu, kwahiyo mtu anakaa pale saa nzima na zaidi, na ndani ya hiyo saa ndo mnajuana, anakuuliza mbuzi umemtoa wapi, unamwambia mnada wa Meserani, anakwambia yeye kwao ni Monduli, mnaishia kuongea ukame. Wateja wangu wa kudumu karibu wote niliwapata hivyo, kwa kusubiri.

Alafu wakaja wadhamini. Sitaki kuwasema vibaya tu maana kuna vitu walileta vya maana: vyoo visafi, maji ya bomba, taa, watu wa huduma ya kwanza, na watu wengi ambao sisi peke yetu tusingewaita. Lakini pesa ya mdhamini inahesabu vichwa getini na vinywaji vilivyouzwa, hiyo ndo hesabu yake, na ukishaielewa unaelewa kila kitu kilichofuata. Jukwaa likawa kubwa kuliko eneo la majiko. Foleni lazima iende haraka, kwahiyo tukaambiwa nyama ichomwe mapema, ikatwe vipande, iwekwe kwenye boksi la bei moja kwa mabanda yote. Kinywaji ni cha kampuni moja tu, yule mama aliyekua akileta mbege na ndizi choma tangu mwaka wa kwanza akarudishwa getini na ndoo zake. Banda likafika laki 7.

Na hilo boksi ndo lililoniuma kuliko bei. Nyama ya kuchoma ukiifunga kwenye foili inajitokota kwa mvuke wake yenyewe, ule ukavu wa juu uliouhangaikia saa nzima unalainika, mafuta yanaganda pembeni, ukiifungua baada ya nusu saa inanukia kama nyama ya kuchemsha. Nimeshika boksi langu mwenyewe nikaonja nikasema hapana, hii siyo kazi yangu, na jina langu liko juu ya banda.

Mwaka uliofuata sikwenda. Nikakaa kijiweni nikiwa na hasira, na katika kukaa huko dereva mmoja wa watalii ambaye ni mteja wangu akaniletea mgeni wake mzee wa Kimarekani kutoka Memphis, Tennessee, akala mbavu akafurahi, dereva akawa anatutafsiria. Akanisimulia kwao kuna mashindano makubwa ya nyama yalianza 1978, mshindi wa kwanza alikua mama mmoja anaitwa Bessie Lou Cathey na alipewa dola 500. Sasa hivi timu zinajenga mahema ya ghorofa, zina wadhamini, na mtu wa kawaida akilipa kiingilio anapita katikati ya moshi ananusa tu, ile nyama ya timu hapewi mpaka awe anajuana na mtu, kwasababu ya sheria za afya. Hiyo ilinikaa kichwani sana. Nikaona huku kwetu ndo tunakoelekea, mchomaji kule na mlaji huku, katikati kuna kamba.

Ila akaniambia na kingine. Kwenye mashindano mengi ya kule nyama inapelekwa kwa majaji ndani ya boksi lenye namba, hakuna jina, jaji hajui ni ya nani. Meza moja ina majaji 6, wanatoa alama za muonekano, ladha na ulaini, na ile alama ya chini kabisa inatupwa ili jaji mmoja mwenye chuki asimharibie mtu. Hapo nikashtuka, maana kwetu majaji walikua wageni wa wadhamini wanatembea banda kwa banda na sahani, na wanaanzia kwenye mabanda ya mahoteli kila mwaka, wakifika kwetu wameshashiba.

Basi nikawatafuta wenzangu watatu, wawili wa hapa Sakina na mzee mmoja wa Ngaramtoni, nikawaambia laki 7 kwa mmoja haiwezekani lakini kwa wanne ni 175,000 kila mtu. Kazi ilikua kukubaliana chumvi ya nani, nacheka sasa ila siku ile tulibishana mpaka usiku. Mwisho tukakubali kila mmoja achome mbuzi wake mwenyewe, mkaa na kodi tushirikiane, na vyeti vya kupima afya kila mtu awe na cha kwake.

Tukaenda kwa dada anayesimamia tamasha, kijana tu, na nilimwamkia vizuri nikakaa nikamwambia, "Dada, hatujaja kulalamika, tunataka vitu vitatu." Mkaa badala ya gesi, akasema wazimamoto, tukamwambia tutanunua mtungi wa kuzimia moto na ndoo mbili za mchanga, akakubali. Gogo la kukatia liwe mbele siyo nyuma ya hema, mteja aone nyama inashuka kwenye wavu na kisu kinapita, akakubali. Cha tatu sahani za majaji ziwe na namba tu. Hapo alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka hilo nitalipeleka juu." Baada ya wiki mbili akanipigia, wamekubali, tena kwa mabanda yote.

Boksi hatukuliondoa, lipo kwenye mkataba. Tulichofanya hatukuweka chochote ndani mpaka mtu awe amesimama mbele yetu. Foleni yetu ilikua ndefu kuliko zote na dada alikuja mara mbili kuulizia mbona haiendi, lakini watu hawakuondoka, wakawa wanapiga stori na yule mzee wa Ngaramtoni huku anarushia paja maji ya chumvi kwa kitita cha majani, mkaa unalia tsss, harufu inapanda. Mpaka saa 2 usiku mbuzi 11 wameisha. Tukitoa gharama zote kila mmoja alirudi na faida, siyo kubwa, lakini ipo. Kwenye mbuzi tukashika nafasi ya pili, na wa kwanza hakua hoteli, alikua kijana wa Kwa Mrombo ambaye hajawahi kutajwa jukwaani hata siku moja. Nilimkumbatia kama ni mwanangu.

Yule mama wa mbege tulimuingiza banda letu, ndizi zake zikaenda pamoja na nyama, akauza zote. Mbege bado wamekataa. Tumeshaandika barua mbili, ya tatu naiandika wiki hii.