Maza ananiita

Leo hapa Sinza, hatimaye nimeweza kuzisoma rekodi za mechi za zamani za mimi na mdogo wangu, za gemu ya vita ya kompyuta StarCraft II, kwa programu niliyoandika mwenyewe.

Mle ndani hakuna video. Kuna amri na meseji tu: nani kabofya au kaandika nini, hatua ya ngapi. Hatua ni vipande vidogo vya muda ndani ya gemu. Kwa kasi ya mtandaoni, sekunde moja ni hatua 22.4.

Nikafika hatua ya 13,440. Dakika ya 10 kamili.

Mdogo wangu kaandika: "Braza subiri, maza ananiita."

Halafu kimya. Amri zake hakuna, zangu zinaendelea. Nazungusha kikosi palepale, namsubiri.

Sasa hivi yuko jeshini, JKT, simu haipatikani. Nimemmisi jamani.

Nyie mmetunza nini cha wadogo zenu?