Siku moja ya kurekodi skrini: sauti ya maiki na sauti ya kompyuta, kila moja na njia yake

Saa 1:00 asubuhi

Kazi ya leo ni somo la dakika 12: jinsi ya kutengeneza daftari la mauzo ya duka kwenye LibreOffice Calc, programu ya majedwali. Mtazamaji ataona skrini na kusikia maelezo ya mdomo, na katikati itachezwa video ya sekunde 40 yenye sauti yake. Sauti ni mbili, ya maiki na ya kompyuta yenyewe. Zote lazima ziingie kwenye rekodi, lakini zisigusane mpaka wakati wa kuhariri. Zikishachanganyika ndani ya njia moja ya sauti, ni vigumu kuzitenganisha vizuri tena.

Naanza na chumba. Ukuta mtupu na sakafu ya vigae hurudisha sauti, na mwangwi huo ukishaingia ni vigumu kuutoa. Napiga kofi moja katikati ya chumba. Likiacha mlio wa kengele nyuma yake, kuna kazi. Godoro linasimamishwa nyuma ya msemaji, si nyuma ya maiki, kwa sababu maiki nyingi za mezani husikia zaidi upande wa mbele: zinamwelekea msemaji na ukuta ulio mgongoni kwake. Blanketi linatandikwa juu ya meza. Pangaboi linazimwa, na friji ya chumba cha pili pia.

Saa 2:00

Nyaya. Maiki ya USB haina maneno mengi: unaichomeka, kompyuta inaitambua. Matatizo huanzia kwenye maiki ndogo za kubana kwenye shati. Tazama pini yake. Yenye mikanda mitatu myeusi imetengenezwa kwa simu, na hufanya kazi kwenye kompyuta mpakato yenye tundu moja la hedifoni na maiki. Ukiichomeka kwenye tundu la pinki la kompyuta ya mezani mara nyingi hukaa kimya, na utadhani imekufa. Inahitaji waya wa kugawa wenye pini mbili.

Kama maiki ni ya kondensa (aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi) na inapita kwenye kisanduku cha sauti kinachoiunganisha na kompyuta (audio interface), washa umeme wa volti 48 kwenye kisanduku hicho. Bila huo haitoi kitu. Ikichomekwa kwenye tundu la kwanza kati ya mawili, sauti inaweza kusikika sikio la kushoto tu. Kwenye OBS Studio, programu ya kurekodi skrini, dawa yake ni tiki moja ya "Mono" ndani ya "Advanced Audio Properties".

Kisha nasikiliza ukimya wenyewe. Mvumo mzito usiokatika kwa kawaida ni umeme wa ukutani, ambao kwetu Tanzania huenda kwa hezi 50. Chomoa chaja ya kompyuta. Mvumo ukiondoka, tatizo ni chaja au soketi isiyo na waya wa ardhini. Leo ndivyo ilivyo, kwa hiyo betri inajazwa kabisa na rekodi itafanyika chaja ikiwa imechomolewa.

Saa 3:00

Sasa OBS. Kwenye "Settings", sehemu ya "Audio", kiwango cha sampuli (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) ni 48 kHz. Kwenye Windows, katika sifa za maiki, naweka 48 kHz vilevile. Vikitofautiana, mfumo hulazimika kubadilisha sauti njiani, na hapo huweza kuzuka mikwaruzo au sauti kuteleza nyuma ya picha.

Njia za sauti, ambazo OBS huziita "Track", zinagawanywa hivi: njia ya 1 inapokea vyote viwili kwa ajili ya kusikiliza haraka, ya 2 maiki peke yake, ya 3 kompyuta peke yake. Wengi hukwama hapa. Tiki huwekwa mahali pawili, si mahali pamoja tu: kwanza "Advanced Audio Properties", halafu "Output", ukichagua hali ya "Advanced" na kufungua "Recording". Ukiacha pale pa pili, faili litatoka na njia moja tu hata kama pa kwanza pamekamilika.

Aina ya faili ni MKV. Umeme ukikatika au kompyuta ikizima katikati ya kazi, MKV hubaki na kila kilichorekodiwa hadi sekunde ile. MP4 ya kawaida ikikatizwa hivyo huwa haifunguki.

Windows ina tabia ya kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 ikidhani uko kwenye simu. Kwenye mipangilio ya sauti, kichupo cha "Communications", chagua "Do nothing". Zima na arifa zote. Kwa wenye Mac, kuanzia macOS 13 OBS hunasa sauti ya kompyuta moja kwa moja. Matoleo ya nyuma yanahitaji programu ya kupitisha sauti kama BlackHole.

Hedifoni ni za waya. Za Bluetooth, maiki yake ikiwashwa, kwa kawaida hushuka kwenye hali ya kupigia simu na kila unachosikia kinakuwa chembamba kama redio ya mbali. Spika zisitumike kabisa: maiki itanasa sauti ya video na utaisikia mara mbili.

Saa 4:00

Viwango. Maiki ikae morita moja kutoka mdomoni, yaani kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha shahada, kama sentimita 15, na iwe pembeni kidogo ya mdomo. Jaribio langu ni neno "paa". Watu wa pwani hulitamka paa mnyama kwa pumzi, na paa la nyumba bila pumzi. Sema yote mawili mbele ya maiki. Mnyama akitoa kishindo na nyumba isitoe, maiki iko usawa wa pumzi. Isogeze pembeni mpaka yote mawili yalingane.

Halafu ongea kwa nguvu ileile utakayofundishia, si ile ya "moja mbili tatu". Kipimo cha OBS huingia njano kwenye -20 dB (desibeli) na nyekundu kwenye -9. Vilele vya maneno navitaka karibu na -12. Vikigusa 0 vinakatwa, na sauti iliyokatwa haishoneki vizuri tena. Rekebisha kwanza kiwango cha maiki kwenye Windows au kwenye kisanduku, ndipo uje kwenye OBS.

Vichujio nimeweka vitatu kwa mpangilio huu: cha kupunguza kelele, cha kubana sauti, yaani kushusha zile kubwa, kwa uwiano wa 3:1 kuanzia -18 dB, na cha kuweka kikomo kwenye -3. Geti, kichujio kinachonyamazisha sauti ikishuka chini ya kiwango fulani, siliweki. Mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya mwisho hutoka dhaifu, na geti huifungia mlango. "Bonyeza" inabaki "bonye". Mwanafunzi anayefuata hatua kwa hatua hapaswi kubahatisha miishio.

Saa 5:00

Rekodi ya majaribio, sekunde 30. Sekunde kumi za kwanza ni kimya, kisha nafungua menyu kwa kubonyeza kipanya kwa nguvu. Kwenye programu ya kuhariri nahesabu fremu (picha moja moja za video) kati ya mlio wa kipanya na menyu kutokea. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ni kama milisekunde 33. Mlio umetangulia kwa fremu tatu, kwa hiyo "Sync Offset" ya maiki, inayochelewesha sauti yake, inawekwa milisekunde 100. Narudia. Zimelingana.

Somo lenyewe linarekodiwa kuanzia saa 5:20, kwa vipande vya dakika tatu hadi nne. Linakamilika kabla ya adhana ya adhuhuri.

Saa 8:00 mchana

MKV inageuzwa MP4 kwa "Remux Recordings" kwenye menyu ya "File". Ni dakika chache na ubora haupungui. Njia ya 2 inaingia Audacity, programu ya kuhariri sauti, ambayo inahitaji FFmpeg, programu ya nyongeza, kufungua faili la aina hii. Zile sekunde kumi za kimya za mwanzo ndizo sampuli ya kelele. Kupunguza desibeli 6 kunatosha. Ukifika 20 sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa la maji.

Kwa YouTube naisawazisha kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), vilele visizidi -1 dB.

Saa 10:00

Kuchanganya. Njia ya 3 imezimwa somo zima isipokuwa kwenye zile sekunde 40, na inaingia na kutoka taratibu kwa nusu sekunde. Nasikiliza mara ya mwisho kwa spika ya simu, sauti ikiwa nusu, dirisha wazi kuelekea barabarani, kwa sababu wengi watasikiliza hivyo. Sekunde ya tano ya video muziki unafunika jina la fomula. Unashushwa desibeli 4, na jina linasikika.

MKV ya asili inahifadhiwa kwenye diski ya nje. Kwenye MP4 ya kupakia kuna njia moja tu ya sauti, na mteja akiomba kesho muziki utolewe, njia zile tatu ziko kule.