Uzoefu wangu: diski ya terabaiti 4 iliyosomeka gigabaiti 465

Napiga video za harusi na ngoma hapa Mtwara mjini, Ligula. Fedha za korosho zikishawafikia wakulima wa Tandahimba na Newala, sherehe hufuatana wiki hadi wiki, na harusi moja ya saa sita hula gigabaiti 130 hivi. Msimu uliopita nikaagiza Dar es Salaam diski ya terabaiti 4, ikaja na basi.

Kompyuta yangu inatumia Debian, aina mojawapo ya Linux. Ndani hakukuwa na nafasi siku ile, nikaiweka diski kwenye kasha la zamani la USB. Nikafungua fdisk, programu ya kugawanya diski, nikakubali kila ilichopendekeza, nikapata patisheni moja, yaani kipande cha diski, nikaiwekea ext4, mfumo wa faili wa Linux. Terabaiti zote zikaonekana. Nikafanya kazi miezi mitatu bila shida.

Kisha kasha likaanza kupata moto na kukatika katikati ya kazi. Nikatoa diski ndogo iliyokuwa ndani ya kompyuta, nikaipachika ile kubwa moja kwa moja kwa kebo ya SATA, nikaandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski. Likaja hili:

sda 3.6T
└─sda1 465.8G

Hiyo 3.6 haikunitisha, ni terabaiti 4 zilezile: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Linux huhesabu kwa 1024. Lakini patisheni ya 465.8? Nikajaribu kuipandisha, yaani kuifungua ili mafaili yasomeke, ikakataa, eti mfumo wa faili haujulikani. Mle ndani kulikuwa na terabaiti 2.3 za kazi za watu, na asubuhi ileile mama mmoja wa Mikindani alikuwa amenipigia: "Mwanangu, harusi ya binti yangu naipata lini?" Mikono ilinitetemeka.

Nikampigia fundi mwenzangu aliyeko Lindi. "Mdogo wangu, usiformati. Wala usiendeshe fsck, ile ya kurekebisha mfumo wa faili," akasema. "Irudishe kwenye kasha, kisha uniambie sekta zake zina ukubwa gani."

Sekta ni kipande kidogo ambacho diski huhesabiwa kwacho. Amri ya kuuliza ni lsblk -o NAME,LOG-SEC. Kwenye kasha ilitoa 4096. Ndani ya kompyuta ilitoa 512. Diski ni ileile moja.

Aliyewahi kukaa ghala la korosho atanielewa upesi. Karani wa kwanza anahesabu kwa toroli, kila toroli gunia nane, na daftarini anaandika: mzigo wa chama unaanzia namba 256. Anakuja karani wa pili anayehesabu gunia mojamoja. Anasoma 256, anakwenda kwenye gunia la 256, anakuta mzigo wa mwingine. Korosho haijaibiwa hata kilo, kipimo ndicho kimebadilika. Kasha langu lilikuwa limekusanya sekta nane za baiti 512 na kuziita sekta moja ya baiti 4096. Baadhi ya makasha hufanya hivyo kusudi, ili jedwali la zamani la MBR, daftari la diski linaloandika kila patisheni inaanzia sekta gani, liweze kubeba diski kubwa. Ukigawanya terabaiti 4 kwa nane unapata gigabaiti 500, yaani zile 465.8 kwa hesabu ya Linux.

Jedwali langu lilisema patisheni inaanzia sekta ya 256. Tukatafuta mwanzo halisi: 256 mara 4096 ni baiti 1048576. Diski ikiwa ndani ya kompyuta nikaandika:

mount -o ro,loop,offset=1048576 /dev/sda /mnt

Folda zote zikajipanga, na ya Mikindani imo. Ile ro ni ya kusoma tu, usiisahau.

Nilitamani kuandika jedwali jipya la GPT, mrithi wa MBR, palepale bila kuhamisha kitu. Fundi akanikataza, na alikuwa na haki. GPT huweka nakala yake mwisho kabisa wa diski, na mwisho huo ulikuwa tayari umekaliwa na mfumo wangu wa faili. Nikaazima diski nyingine, nikanakili kwa amri ya rsync usiku kucha. Umeme ulikatika saa nane, ukarudi alfajiri. Nikaendesha amri ileile tena, ikayaruka mafaili yaliyokwisha kunakiliwa.

Hapo ndipo nikagawanya upya, diski ikiwa mahali itakapoishi. Safari hii fdisk yenyewe ilinionya kwamba jedwali la DOS, yaani MBR, halifai kupita baiti 2199023255040. Muundo huo ni wa mwaka 1983. Una biti 32 za kuandikia namba ya sekta, na kwa sekta za baiti 512 unaishia hapo. Nikatumia parted, programu nyingine ya kugawanya diski: mklabel gpt, kisha mkpart video ext4 1MiB 100%. Kuanzia mebibaiti 1 kunafanya patisheni ikae sawa na sekta halisi za diski; ikikaa upande, uandishi unakuwa mzito.

Patisheni moja tu. Wapo wanaoikata diski kubwa vipande sita, na baada ya mwezi kimoja kimejaa na vitano vina nafasi. Mfumo wa Debian uko kwenye diski yake ya SSD, hii ni ya video peke yake.

Kitu kingine ambacho sikukijua kabla: ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya mtumiaji mkuu. Kwenye diski ya mfumo ina maana, lakini kwangu ni gigabaiti 200, harusi nzima na nusu. Nikaformati kwa mkfs.ext4 -m 1 -L video, yaani itenge asilimia 1 tu. Kwenye fstab, faili la diski za kupandishwa kompyuta inapowaka, nikaandika UUID, namba ya utambulisho ya patisheni, badala ya sda1, maana herufi hubadilika, nikaongeza nofail ili kompyuta iwake hata diski isipokuwepo.

Mama wa Mikindani alipata video yake Ijumaa. Kasha la zamani ninalo bado, nimelibandika karatasi: 4096. Na juu ya diski nimeandika kwa kalamu nene: GPT, sekta 512, ya ndani tu.